Twiga Stars wanahitaji mechi za Lugoba

Julai 2025, Twiga Stars, timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania, walirejea kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, WAFCON, baada ya kuzikosa kwa miaka 15. Kule Morocco walifungwa na Mali 1-0, wakatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini waliokuwa mabingwa watetezi, kisha Ghana wakawachapa 4-1. Wakarudi nyumbani na pointi moja. Timu ikitolewa hivyo, kwa kawaida lawama humwangukia kocha, au straika aliyekosa bao la wazi, au maandalizi ya kambini. Naamini mzizi uko mbali zaidi. Matokeo ya aina ile huanza kupikwa miaka kumi nyuma, kwenye viwanja vya shule na vijiji, na dawa yake ianzie kwenye halmashauri kama Chalinze, mkoani Pwani, kabla ya kufika kambi ya taifa.

Tuchukue mechi ya Afrika Kusini. Opah Clement alifunga dakika ya 24, na Tanzania ikaongoza hadi dakika ya 70, Bambanani Mbane aliposawazisha. Kulinda bao moja mbele ya bingwa wa Afrika ni ujuzi wa peke yake: kujua wakati wa kupooza mchezo, wakati wa kupiga mpira mrefu ili mabeki wapumue, wakati wa kumzuia beki wa pembeni asipande. Kocha anaweza kuyaeleza hayo ubaoni, lakini mguu huyashika kwa kuongoza na kusawazishiwa mara nyingi, mchezaji angali binti mdogo. Halafu kuna ratiba. Mechi za tarehe 7, 11 na 14 ni mechi tatu ndani ya siku nane, na mashindano ya namna hiyo hupima benchi kuliko kikosi cha kwanza. Nchi yenye mabinti wengi waliokomazwa na mechi huingiza wachezaji watatu wapya bila timu kuyumba; nchi yenye wachache huwachosha walewale.

Vipaji tunavyo, na ushahidi upo. Oktoba 2022, Serengeti Girls, timu yetu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, walicheza Kombe la Dunia la umri huo nchini India. Walianza kwa kufungwa na Japani 4-0, wakainuka wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka sare ya 1-1 na Kanada, wakafika robo fainali kabla ya Colombia kuwatoa kwa mabao 3-0. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Twiga Stars walialikwa kwenye COSAFA, kombe la wanawake la nchi za kusini mwa Afrika, kule Afrika Kusini wakaondoka na kombe. Aisha Masaka amefika Brighton ya Uingereza, na Clara Luvanga amecheza Al Nassr ya Saudi Arabia. Basi, kwenye umri wa miaka 16 tunasimama bega kwa bega na Ufaransa. Pengo linafunguka baadaye, kwa sababu binti wa Ufaransa anarudi nyumbani kwenye ligi yenye mechi kila wikiendi, ilhali wenzake wa hapa, wakishatolewa wale wachache wenye klabu, wanarudi kusubiri.

Pwani inapaswa kulielewa hili kuliko mikoa mingine. Ligi Kuu ya Wanawake ilipoanza msimu wa 2016/17, bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mji mdogo wa barabara ya Morogoro ambao kila abiria wa Chalinze anaupita akienda Dar es Salaam. Tangu hapo hadi msimu wa 2024/25, ubingwa umekuwa wa JKT Queens au Simba Queens tu. Siwalaumu wakubwa hao. Wameipeleka Tanzania kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, na Simba Queens walishika nafasi ya nne mwaka 2022. Lakini miji kama Mlandizi ikishatoka kwenye ushindani, binti wa kata za Chalinze kama Miono au Mbwewe anabaki na njia moja ya kucheza mpira wa maana: kuhama nyumbani.

Wengine watasema shule zinatosha, maana tuna UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Ni mashindano mazuri, ila muundo wake ni wa mchujo. Shule ikitolewa mapema, binti amecheza mechi mbili au tatu, mwaka umekwisha. Kaka yake ana ndondo za mtaani na kombe la mbuzi, yeye hana. Sasa tupige hesabu ya ligi ya wasichana ya halmashauri yenye timu nane za kata, tuseme Bwilingu, Msoga, Lugoba, Msata, Kiwangwa, Mandera, Miono na Mbwewe, nyumbani na ugenini. Kila timu inacheza mechi 14. Binti atakayeanza akiwa na miaka 13 na kucheza misimu minne atakuwa na mechi 56 miguuni kabla hajaonwa na klabu yoyote ya Dar es Salaam.

Pingamizi zito zaidi ni la wazazi na mila za Pwani, na halifai kupuuzwa. Kuhusu dini na mavazi, Morocco imejibu uwanjani: ilicheza fainali ya WAFCON mwaka 2022 na 2025, na kwenye Kombe la Dunia la 2023 beki wake Nouhaila Benzina alicheza akiwa na hijabu. Wasiwasi uliobaki ni wa haki kabisa: binti anarudi saa ngapi, anasafiri na nani, nani anamwangalia. Hayo ni mambo ya kupanga. Mechi iwe Jumamosi asubuhi, mwalimu wa kike awemo kwenye basi la timu, na mabinti wawe wamefika kwao kabla ya alasiri.

Kisha linakuja suala la fedha. Ni kweli soka la wanawake linapunjwa: Nigeria ilipata dola milioni 1 kwa ubingwa wa WAFCON wa 2025, wakati Ivory Coast ilipata dola milioni 7 kwa AFCON ya wanaume iliyochezwa mapema 2024. Hilo lidaiwe kwa nguvu zote. Lakini fedha ya kambi hununua majuma machache ya maandalizi; miaka minne ya mechi ambazo hazikuchezwa haipatikani humo. Tanzania imeshafuzu tena fainali za 2026 kwa kuitoa Ethiopia, na wachezaji wake wa sasa tunawajua. Wanaohitaji mechi leo ni watakaovaa jezi hiyo miaka minane ijayo. Gharama kubwa ya ligi ya kata ni nauli, mipira, posho za waamuzi na viwanja, na hapo Chalinze ina bahati yake: Lugoba ni eneo la machimbo ya kokoto, mitambo na malori yapo. Kusawazisha uwanja mmoja wa shule uliojaa mawe ni kazi ambayo halmashauri inaweza kuiomba kwa wenye machimbo msimu huu, kabla ya mvua za masika.