Sabuni za Nyumbani: Povu, Chokaa na Maji ya Kisima (Sehemu ya 2)

Mfuaji anayechota maji ya kisima kilichochimbwa kwenye matumbawe, iwe Unguja, Mafia au Mombasa, anaijua hali hii: anausugua mche wa sabuni kwenye kanga, anasugua tena, na povu halitoki. Juu ya beseni vinaelea vipande vyeupe kama maziwa yaliyokatika. Kwa jirani aliyekinga maji ya mvua kwenye pipa, mche uleule unatoa povu kwa misuguo miwili mitatu. Sabuni ni ileile. Maji ndiyo tofauti.

Sehemu ya kwanza ilieleza jinsi mafuta na kostiki soda vinavyogeuka kuwa sabuni. Swali linalofuata ndilo wateja wanalomuuliza kila mtengenezaji mdogo: ipi inafua vizuri zaidi, ya mche iliyopikwa kwa mafuta au ya maji iliyokorogwa kwa asidi ya salfoniki? Halijibiki kabla ya kujua nguo itafuliwa kwa maji gani, na ndiyo maana sabuni inayosifiwa mtaa mmoja hulaumiwa mtaa wa pili.

Matumbawe ni chokaa. Maji yakipenya humo hutoka na kalsiamu, na mara nyingi magnesiamu pia. Sabuni ya mafuta ikikutana na madini hayo hugandana nayo kabla haijaufikia uchafu, kwa hiyo vile vipande vinavyoelea ni sabuni iliyokwisha kazi. Hasara hiyo hupimika. Chukua maji yenye ugumu wa miligramu 300 kwa lita, ukihesabiwa kama chokaa: ni magumu, lakini si ya ajabu. Ndoo moja ya lita 20 ya maji hayo humeza takriban gramu 35 za sabuni kabla nguo haijaambulia chochote. Wakati wa kusuuza mambo huwa mabaya zaidi, maana sabuni iliyobaki hugandia ndani ya nyuzi. Shati jeupe hugeuka kijivu siku baada ya siku, na taulo hukakamaa.

Tiba yake ni rahisi: soda ash, ndugu wa magadi ya Ziwa Magadi huko Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911. Kwa hesabu, gramu 6 na nusu, yaani zaidi kidogo ya kijiko kimoja cha chai, hutosha kuilainisha ndoo ileile iliyomeza gramu 35 za sabuni. La muhimu ni mpangilio. Soda hutangulia, ikakorogwa, maji yakaachwa mpaka weupe utuame. Ndipo sabuni iingie. Wanaovitia vyote kwa pamoja hupoteza sehemu ya faida.

Hapa majina huleta hatari. Dukani kuna soda tatu: ya kuumulia maandazi, soda ash, na kostiki. Ya kwanza ni dhaifu kwa kazi hii, ingawa ikikaangwa kavu kwa moto mkali hutoa gesi na mvuke ikawa soda ash. Ya tatu huunguza ngozi na macho, na hula sufuria ya alumini. Muuzaji anayeipima kwa kijiko na kuifunga kwenye karatasi isiyo na maandishi anamtia mteja hatarini, na desturi hiyo haina budi kukomeshwa.

Mafuta nayo hayalingani. Kilo moja ya mawese huhitaji gramu 141 hivi za kostiki ili yageuke sabuni yote. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji gramu 183 hivi. Anayebadili mafuta bila kubadili kipimo hupata ama mche unaoteleza kwa mafuta, ama unaochubua mikono. Mawese hutoa mche mgumu usioisha upesi, lakini povu lake ni la kubembeleza. Nazi hutoa sabuni inayoyeyuka kwa urahisi, hata ikatoa povu kwenye maji ya bahari, na ndiyo iliyowafaa mabaharia tangu zamani. Mise, mafuta ya kokwa ya chikichi, yana tabia inayokaribiana na ya nazi. Ndiyo maana mche wenye mchanganyiko mara nyingi hupendeza kuliko wa mafuta ya aina moja.

Sabuni ya maji ni kitu kingine kabisa. Kikemia si sabuni: asili ya salfoniki ni mafuta ya petroli, na vitu vya jamii hii vilianza kutafutwa kwa bidii Ujerumani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, mafuta ya kupikia sabuni yalipokuwa adimu. Ubora wake ni kwamba haigandani upesi na chokaa. Ikichanganywa na sles, kiungo kingine cha sabuni ya maji, huvumilia maji magumu zaidi. Kilo moja ya salfoniki hutulizwa na gramu 165 hivi za soda ash, zikitiwa kidogokidogo kwa sababu gesi hufoka. Karatasi ya litmasi ikionyesha bado ni asidi, kazi haijaisha, hata kama harufu na rangi vimeshavutia.

Kisha huja chumvi, na hapo ndipo wanunuzi wengi hupotoshwa. Chumvi huifanya sabuni kuwa nzito bila kuiongezea nguvu ya kufua hata kidogo. Ikizidi, sabuni hurudi kuwa nyepesi kama maji. Mteja anayegeuza chupa kutazama uzito anapima chumvi. Mafunzoni pia husisitizwa kukoroga upande mmoja tu. Kemia haijali upande; inajali upole, kwa kuwa mkono wenye pupa huingiza hewa na ndoo nzima ikawa povu.

Anayetaka kulinganisha kwa haki akate kitambaa kimoja cheupe cha pamba vipande vitatu, avipake matope mekundu, mafuta ya kupikia na mchuzi wa samaki, kisha aviache usiku kucha. Kipande cha kwanza kifuliwe kwa mche, cha pili kwa sabuni ya maji, cha tatu kwa maji matupu. Hicho cha tatu ndicho watu husahau, na ndicho kinachoonyesha ni kiasi gani cha kazi hufanywa na mikono yenyewe. Maji yawe ya kisima kilekile, muda uwe sawa, na gharama ihesabiwe kwa beseni moja la nguo pamoja na ndoo za kusuuzia, si kwa bei ya chupa.

Doa la mchuzi litamshangaza. Manjano yaliyomo kwenye mchuzi yakiguswa na mche au soda hugeuka mekundu, kama vile sabuni imeongeza uchafu. Asikimbilie dawa kali. Akitundike kitambaa juani kikiwa bado kibichi: jua la mchana huivunja rangi hiyo ambayo sabuni zote mbili zimeiacha.

(Wiki ijayo: sabuni ya unga.)