Kabla hujatuma hiyo CV, angalia mapengo kwenye jina la faili

HEBU fungua folda ya vitu ulivyopakua kwenye simu au tarakilishi yako sasa hivi. Usione haya, hakuna anayekuchungulia. Humo ndani kuna 'CV.pdf', kuna 'CV mpya.pdf', kuna 'CV mpya FINAL.pdf', na chini yake kidogo, bila aibu yoyote, kuna 'CV mpya FINAL ya mwisho (2).pdf'.

Tuiache kwanza hiyo 'final' ambayo haijawahi kuwa ya mwisho. Angalia kitu kingine ambacho macho yako yamezoea kukiruka: yale mapengo kati ya maneno. Ile nafasi tupu unayoipata ukigonga kitufe kirefu kuliko vyote kwenye kibodi.

Sasa nenda kwa picha ulizopiga. Simu nyingi za Android huzipa majina kama 'IMG_20240512_101433.jpg'. Hakuna pengo hata moja. Pale ambapo wewe ungeacha nafasi, simu imeweka kistari cha chini, kile ambacho wengi wetu tunakiita andasko. Na haikufanya hivyo kwa kupenda urembo.

Kwako wewe nafasi ni mahali pa kupumua. Kwa mashine, mara nyingi nafasi ni ishara kwamba kitu kimoja kimeisha na kingine kinaanza.

Mwalimu wako wa Kiswahili alijaribu kukuambia jambo hili mapema. Unakumbuka kalamu nyekundu ilivyokuwa ikizunguka 'nina taka'? 'Ninataka' ni mtu mwenye hamu ya kitu. 'Nina taka' ni mtu anayesubiri gari la kaunti lije kuzoa. Nafasi moja tu, na maana imehama kabisa. Tofauti ni kwamba mwalimu alijua ulichotaka kusema, hata akikukata alama. Tarakilishi haikisii. Inafanya ulichoandika.

Mazoea haya yana umri mkubwa kuliko wazazi wa wengi wetu. Mwaka wa 1969, katika maabara ya Bell kule Marekani, Ken Thompson, Dennis Ritchie na wenzao walianza kuunda mfumo uliokuja kuitwa Unix. Hapakuwa na vijipicha vya kubonyeza. Uliandika amri, ukaacha nafasi, kisha ukaandika jina la faili. Ukitaka kufuta, unaandika 'rm' na jina.

Sasa jina likiwa 'picha za harusi', mashine inasikia oda tatu: futa 'picha', futa 'za', futa 'harusi'. Ile faili uliyoikusudia haitaguswa. Lakini kama kando yake kulikuwa na faili nyingine inayoitwa 'picha' tu, hiyo imeenda. Haulizwi mara mbili, na hakuna pipa la takataka la kwenda kuchakura baadaye.

Dawa ipo. Ukizungushia jina alama za kunukuu, mashine inaelewa kwamba hicho ni kitu kimoja. Shida ni kwamba binadamu husahau, na waliosahau si wanafunzi wa mwaka wa kwanza pekee.

Novemba 2001, kampuni ya Apple ilitoa iTunes 2.0 ya Mac. Programu ya kuisakinisha ilipaswa kuondoa toleo la zamani kabla ya kuweka jipya. Walioandika amri hizo hawakuweka alama za kunukuu mahali pa jina la diski. Kwa hivyo watu waliokuwa wamegawanya diski zao na kuzipa majina yenye nafasi, amri ilikatika kwenye ile nafasi, na badala ya kufuta programu moja ikafagia sehemu nzima ya diski. Apple iliiondoa haraka na kuleta toleo la 2.0.1, lakini kuna waliopoteza kazi yao yote. Hiyo ni Apple, si jamaa wa saiba ya mtaani.

Miaka 10 baadaye ikawa zamu ya programu ya bure ya Linux inayoitwa Bumblebee. Safari hii nafasi ilijipenyeza yenyewe. Mwandishi alikusudia kufuta folda moja ndogo iliyo ndani ndani ya '/usr', lakini kidole kikagonga nafasi baada ya hayo maneno '/usr'. Mashine ikasoma: futa '/usr' yote, kisha futa na hiyo nyingine. Kwenye Linux, '/usr' ndiko zinakokaa karibu programu zote za tarakilishi. Ukisasisha Bumblebee, mashine inabaki ganda tupu.

Utauliza, sasa mimi na Unix wapi na wapi? Mko karibu kuliko unavyodhani. Android imejengwa juu ya Linux, ambayo ni binamu ya Unix, na seva nyingi zinazohifadhi tovuti unazotembelea kila siku zinatumia Linux hiyo hiyo. Faili yako ikitoka mikononi mwako, kuna uwezekano mkubwa itapitia huko.

Upande wa Windows hadithi ilikuwa tofauti. Enzi za DOS, kuanzia 1981, jina la faili lilikuwa na herufi 8, nukta, kisha herufi 3. Basi. Barua yako ya kuomba kazi ingelazimika kuitwa kitu kama BARUAKAZ.DOC, na wewe ukumbuke mwenyewe ilikuwa ya kazi gani. Watumiaji wa Mac walikuwa wakiandika majina marefu yenye nafasi tangu 1984 na walikuwa wakiwacheka wenzao. Windows 95 ilipotoka Agosti 1995, mlango ukafunguliwa: majina ya hadi herufi 255, na nafasi ukitaka. Microsoft yenyewe ikaweka folda kuu ya programu na kuiita 'Program Files', nafasi ikiwa katikati. Programu za zamani zisizojua majina marefu ziliiona kama 'PROGRA~1'. Hata leo ukichimba kwenye Windows unaweza kukutana na jina hilo na kudhani ni virusi.

Halafu ikaja intaneti, na hapo ndipo suala hili linakugusa moja kwa moja.

Anwani ya mtandao hairuhusu nafasi. Ukipakia faili inayoitwa 'kazi zangu 2024.pdf', kivinjari huibadilisha iwe 'kazi%20zangu%202024.pdf'. Hiyo %20 si uchawi. Kila herufi kwenye tarakilishi ina nambari yake, na nambari ya nafasi ni 32, ambayo ukiiandika kwa hesabu ya misingi ya 16 inakuwa 20. Lakini tazama kilichotokea kwa mwaka wako: '%202024'. Mtu akiangalia haraka anaona 202024 na kushindwa kujua hiyo ni nambari ya nini.

Mbaya zaidi ni pale linki inapoandikwa kwa mkono au kunakiliwa pamoja na mapengo yake. Programu za ujumbe hukisia kwamba linki inaishia kwenye nafasi ya kwanza. Kwa hivyo wewe ni mpiga picha, umemtumia mteja linki ya kazi zako, lakini iliyogeuka buluu ni nusu tu. Anabonyeza, anaambiwa ukurasa haupo. Hatakupigia kukueleza. Ana wapiga picha wengine watano wa kuangalia kabla ya chakula cha mchana.

Hata kupakua kuna vituko vyake. Firefox ilijulikana kwa hili kwa miaka: tovuti ikisahau kuzungushia jina la faili alama za kunukuu, jina linakatwa kwenye nafasi ya kwanza. Mwajiri anapakua 'CV mpya ya uhasibu.pdf' na kupata faili inayoitwa 'CV', isiyo hata na ile '.pdf' mwishoni. Akiibonyeza, tarakilishi inamuuliza aifungue na nini. Wewe huku nyumbani unangoja simu.

Kuna jambo lingine ambalo watu hawalifikirii: nafasi haionekani. Huwezi kujua kwa macho kama ni moja au mbili, au kama kuna moja imejificha kabla ya nukta. Tena si aina moja. Orodha ya kimataifa ya herufi, Unicode, ina zaidi ya aina 10 za nafasi. Matoleo ya karibuni ya Mac huweka nafasi nyembamba ya aina yake kabla ya AM au PM kwenye majina ya picha za skrini. Ukijaribu kuandika jina hilo kwa kibodi, herufi kwa herufi, mashine itakuambia faili haipo. Iko mbele ya macho yako, lakini haipo.

Andasko, kinyume chake, unaiona. Asili yake ni mashine za taipu: ulikuwa unaandika neno, unarudi nyuma, kisha unapiga mstari chini yake. Orodha ya herufi za tarakilishi ya ASCII ilipotoka 1963 haikuwa nayo kabisa. Mahali pake palikuwa na mshale unaoelekea kushoto. Kufikia 1967 mshale ulikuwa umeondolewa na andasko ikakaa. Kwa kuwa kwenye skrini haikuwa na kazi kubwa ya kupigia mstari, wanaprogramu waliichukua kuunganisha maneno. Watengenezaji wa kamera za dijitali wakaifuata: kanuni yao ya majina ilikubali herufi za Kiingereza, tarakimu na andasko tu. Ndiyo maana kamera ya studio inakupa 'DSC_0001'.

Lakini nisikudanganye kwamba andasko ni malaika. Linki ikipigwa mstari chini, andasko inamezwa na ule mstari na kuonekana kama nafasi. Zikikaa mbili pamoja zinashikana na kuwa moja ndefu. Na jaribu kumsomea mhudumu wa saiba anwani ya barua pepe yenye andasko huku mashine ya kuchapisha ikipiga kelele. Kwa majina ya kurasa za tovuti, Google yenyewe inawashauri wenye tovuti watumie kistari cha katikati, kile cha 'mwana-kondoo', badala ya cha chini.

Wapo pia wanaotetea nafasi, na wana hoja. Wanasema jina la faili ni la binadamu kusoma, mashine ndiyo ijifunze adabu. Nakubaliana nao nusu. Kosa la iTunes halikuwa la mtu aliyeita diski yake jina analolipenda. Lilikuwa la aliyesahau alama za kunukuu. Mifumo ya leo, mingi yake, haina taabu na nafasi. Barua pepe ya kawaida itafikisha 'Barua ya maombi.pdf' ikiwa nzima.

Nusu nyingine sikubali, kwa sababu wewe hujui faili yako itapita wapi. Kinachobaki kwenye laptopu yako, kiite upendavyo: 'picha za shosho krismasi', nani atakuuliza? Kinachotoka nje, kikienda kwa mwajiri, chuo, mteja au mtandao wa maombi ulioandikwa zamani na mtu aliyeshaacha kazi, kiunganishe. Andasko au kistari cha katikati, chagua kimoja na ushikamane nacho. Mimi napenda andasko kwa sababu ndogo tu: ukibonyeza mara mbili juu ya jina, kwenye programu nyingi unashika jina lote. Vistari vya katikati hulikata vipande.

Ukishafika hapo, malizia kazi. Usitume 'CV.pdf', hata kama haina pengo. Fikiria mtu wa HR aliyepokea CV 300, na 80 kati yake zinaitwa hivyo hivyo. Anza na jina lako: jina_la_kwanza, jina_la_ukoo, kisha ni hati gani. Kitambulisho, cheti cha KCSE na cheti cha nidhamu vifuate mtindo huo huo, ili vikipakuliwa vijipange pamoja kwenye folda ya mwenzako.

Tarehe ziandike mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku: 2024-05-12. Zitajipanga zenyewe kwa mfuatano. Mkwaju, ile alama ya '/', Windows haitaukubali, sawa na nukta mbili, alama ya kuuliza na nyota. Na kama una faili nyingi za mfululizo, anza na 01, si 1, la sivyo kwenye mifumo mingine ya 10 itakuja kabla ya 2 na mtu atasoma ripoti yako ya atachimenti kuanzia wiki ya kwanza, kisha ya kumi.

Yote haya yanafanyika kwenye simu. Kwenye programu ya mafaili, shikilia faili kwa kidole, tafuta chaguo la kubadilisha jina, na usiguse ile '.pdf' ya mwisho. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, hata kama ni picha ya cheti. Ukiituma kama picha ya kawaida, jina ulilolitolea jasho linatupwa, na upande wa pili anapokea kitu kama 'IMG-20240512-WA0003.jpg'.