Utangulizi: Masikilizano ya Imani Nyingi

Mwanafunzi anayeanza kusoma habari za matukio ya kiroho hatakiwi kuiweka imani yake kando, wala haombwi kuithibitisha. Anatakiwa awe na sikio. Tunapokea masimulizi ya watu waliokutana na kitu kikubwa kuliko wao, wawe Waislamu, Wakristo, Wahindu au wanaotambikia mizimu ya wazee wao, kisha tunauliza yanafanana wapi na yanaachana wapi.

Tuanze na karatasi moja. Usiku wa tarehe 23 Novemba 1654, Blaise Pascal, mwanahisabati wa Ufaransa, alijiwa na jambo lililodumu kuanzia yapata saa nne na nusu hadi saa sita na nusu. Aliandika tarehe, saa, na maneno yaliyokatikakatika, neno moto likiwa peke yake katika mstari wake. Mtu huyu alikuwa amezoea kuijenga hoja hatua kwa hatua, lakini pale hakuna hoja. Kuna furaha na machozi. Alipofariki mwaka 1662, mtumishi aliikuta karatasi ile imeshonewa ndani ya vazi lake.

Karibu kila alama aliyoitaja William James inaonekana katika karatasi hiyo. Mwanasaikolojia huyo wa Marekani alitoa mihadhara yake Edinburgh mwaka 1901 na 1902, ikatoka kitabu mwaka huohuo wa 1902. Alisema tukio la namna hii halielezeki, halidumu, linamwachia mtu ujuzi anaouona kuwa wa kweli kabisa, na mwenyewe hujiona ameshikwa, si kwamba ameshika. James alikiri kuwa yeye binafsi hakujaliwa mambo hayo. Ndiyo maana kitabu chake kimejaa ushuhuda wa wengine, na kwangu hiyo ndiyo sababu kinasomeka hadi leo.

Suala la kutoelezeka lilimshughulisha Imamu Ghazali karne nyingi kabla. Mwaka 1095, akiwa mwalimu mashuhuri wa Baghdad, ulimi wake ulifungika asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakipiti. Aliacha cheo akaondoka, akaifuata njia ya masufi. Baadaye aliandika kwamba kujua maana ya afya ni jambo moja na kuwa mzima ni jingine. Mambo ya masufi yanajulikana kwa kuonja. Mtakatifu Teresa wa Ávila, mtawa wa Hispania wa karne ya 16, naye alilalamika mara nyingi kwamba maneno hayamtoshi. Hata hivyo wote wawili waliandika sana. Hilo linanivutia kuliko ukimya wenyewe.

Kuhusu kushikwa, hatuna haja ya kwenda mbali. Tazama zikri ya Kadiria, tarika ambayo Sheikh Uways wa Barawa aliieneza Zanzibar na pwani katika karne ya 19. Watu husimama safu au duara, kiwiliwili kinainama na kuinuka, jina la Mwenyezi Mungu linavutwa kwa pumzi kutoka kifuani, na kiongozi ndiye anayepandisha na kushusha mwendo. Kwenye ngoma ya pepo, mganga naye husikiliza ni mdundo gani utakaomwamsha pepo wa mteja wake. Kwenye mkesha wa Walokole, pambio hurudiwa mpaka mtu aanguke magoti akilia. Kukesha, kufunga, kurudia: maandalizi yanakaribiana mno. Na kila kundi litakuambia kwamba maandalizi hayamlazimishi anayekuja. Mtu anaweza kuhudhuria zikri miaka mingi asipandwe na hali hata mara moja.

Je, basi wote wamekutana na kitu kimoja? Walter Stace, katika kitabu chake cha 1960, aliona kiini kimoja chini ya lugha tofauti. Mwaka 1978 Steven Katz alimpinga: imani ya mtu haingojei tukio lipite ndipo ilieleze, bali inalifinyanga tangu mwanzo. Mimi naelemea kwa Katz. Sufi hakutani na Bikira Maria, na mtawa hapandwi na pepo wa Kipemba. Kufanana kwa njia hakuthibitishi kuwa mwisho wa safari ni mmoja, na tukiharakisha kusema hivyo tunawanyang'anya watu kile wanachokithamini zaidi.

Kinachoweza kuonekana na wote ni kinachofuata baadaye. Uamsho ulioanza Gahini, Rwanda, miaka ya 1930 ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika, na waliookoka walirudisha mali walizoiba, wakaungama hadharani. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, mwaka 1904, alisimuliwa kuwa alichukuliwa na pepo Hongo, akazama bwawani, akatoka kesho yake nguo zikiwa kavu; mwaka uliofuata vita vya Maji Maji vikawaka. Tukio la mtu mmoja laweza kutuliza nyumba au kuinua nchi nzima.

Ukitaka kuanza, soma mihadhara ya 16 na ya 17 ya James, kisha nenda kwa mzee wa kwenu aliyepitia jambo, awe wa msikitini, kanisani au kilingeni. Msikilize mpaka amalize. Omba ruhusa kabla ya kuandika, na jina lake usilitaje mpaka akubali.