Kabla Hujasaini Fomu ya Utafiti

Ukitoka Feri, jijini Dar es Salaam, ukaifuata barabara ya ufukweni, ukalipita eneo la Ikulu, unafika Taasisi ya Saratani Ocean Road. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani miaka ya 1890, na Robert Koch, mgunduzi wa bakteria wa kifua kikuu, alifanyia humo sehemu ya utafiti wake.

Madaktari humtaja Koch kwa heshima, na anastahili. Lakini mwaka 1906 alikwenda visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria upande wa Uganda, kutafuta dawa ya malale. Huko aliwadunga mamia ya wagonjwa atoxyl, dawa yenye aseniki. Nusu gramu ilipoonekana haitoshi, akapandisha dozi hadi gramu 1. Wagonjwa wakalalamika maumivu na kizunguzungu, baadhi wakatoroka kambini. Watu 22 walipofuka, wasione tena.

Kinachoniuma zaidi ni tarehe. Desemba 1900, serikali ya Prussia, kwao Koch, ilikwisha kuwaagiza wakuu wa hospitali kwamba mtu asifanyiwe jambo lisilo la kumtibu mpaka aelezwe madhara yake na aridhie waziwazi. Agizo hilo lilitokana na kashfa ya daktari Albert Neisser, aliyewadunga wanawake seramu ya wagonjwa wa kaswende bila ridhaa yao. Kanuni ilikuwapo, ila haikuvuka bahari kuja kwetu.

Watetezi wa Koch husema alikuwa akitibu, na malale kweli yalikuwa yanaua. Lakini tatizo liko hapo hapo hadi leo: mgonjwa hana njia ya kujua kama daktari anamtibu au anatafuta jibu la swali lake, mpaka aambiwe.

Siku hizi utafiti wa afya Tanzania Bara unahitaji kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), iliyoundwa kwa sheria mwaka 1979. Kamati husoma fomu ya ridhaa mstari kwa mstari. Iwe ya Kiswahili. Iseme damu itakayotolewa ni kiasi gani, kwa mfano mililita 5, yaani kijiko kimoja cha chai. Iseme kwamba ukikataa, matibabu yako yako palepale. Asiyejua kusoma huweka dole gumba mbele ya shahidi asiye mtafiti.

Hayo yote ni karatasi. Kazi yenyewe iko kwenye benchi la kliniki. Mama anayekaanga samaki Feri ameiacha biashara yake tangu alfajiri, anakabidhiwa kurasa kadhaa, anauliza: "Nisaini wapi, mwanangu?" Muuguzi mwenye maadili hampi kalamu. "Subiri kwanza, mama," humwambia, kisha humweleza, halafu humwomba aseme kwa maneno yake alichoelewa. Akijibu "mnanipa dawa nipone", ilhali dawa yenyewe ndiyo inayojaribiwa, hajaridhia, hata asaini mara tatu. Nauli nayo imfidie safari tu. Ikizidi sana, inamnunua mwenye shida.

Ukiletewa fomu ya namna hii, uliza: haya ni matibabu au utafiti? Nikikataa itakuwaje? Kibali kiko wapi? Omba nakala uende nayo nyumbani. Ukinyimwa, usisaini.