NAT maradufu

NAT maradufu ni hali inayotokea katika mtandao wa kompyuta pale ambapo vifaa viwili vilivyofuatana, kwa kawaida modemu na ruta, vyote hutafsiri anwani za IP za data inayopita. Chanzo chake cha kawaida ni kuunganisha ruta nyuma ya modemu ambayo tayari ina ruta ndani yake.

Kusoma tovuti na kutazama video huendelea kama kawaida. Matatizo hujitokeza pale kifaa cha ndani kinapotakiwa kufikiwa kutoka nje, kwa mfano kamera ya ulinzi.

Maana ya NAT

NAT ni kifupi cha jina la Kiingereza lenye maana ya "utafsiri wa anwani za mtandao". Anwani za IPv4 zina biti 32, yaani ni takriban bilioni 4.3 tu, idadi isiyotosha vifaa vyote duniani. Njia hii ilielezwa mwaka 1994 na Kjeld Egevang na Paul Francis katika waraka RFC 1631. Mwaka 1996 waraka RFC 1918 ulitenga anwani za matumizi ya ndani:

- 10.0.0.0 hadi 10.255.255.255
- 172.16.0.0 hadi 172.31.255.255
- 192.168.0.0 hadi 192.168.255.255

NAT inafanana na shule yenye sanduku moja la posta. Barua zote hufika kwenye namba hiyo moja, kisha karani huzigawa kwa kufuata daftari lake. Barua isiyo na jina lililomo daftarini hutupwa. Katika NAT maradufu kuna makarani wawili: wa kwanza anamjua karani wa pili tu, wala hajui wanafunzi walioko nyuma yake.

Sababu katika Mji Mkongwe na Unguja

Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene. Mawimbi ya Wi-Fi hupungua sana yakipita humo. Modemu inayotumia laini ya simu hufanya kazi vizuri zaidi dirishani au ghorofa ya juu, mahali panapopata mawimbi ya mnara, lakini vyumba vya ndani hubaki bila mtandao. Ndipo huongezwa ruta ya pili kwa kebo. Katika nyumba za wageni za pwani, kama Nungwi na Paje, sababu huwa ni umbali kati ya majengo.

Dalili

- Anwani ya WAN ya ruta ya pili imo katika safu tatu zilizotajwa juu.
- Poti iliyofunguliwa kwenye ruta ya pili haipitishi kitu.
- Simu iliyoungwa kwenye modemu haiioni printa iliyo nyuma ya ruta.
- Ikiwa vifaa vyote viwili vinatumia safu moja, mfano 192.168.1.x, intaneti inaweza kukatika kabisa.

Namna ya kuepuka

Kanuni ni moja: kifaa kimoja tu kitafsiri anwani.

Njia ya kwanza ni kuweka modemu katika hali ya daraja. Modemu huacha kutafsiri na kumwachia ruta kazi hiyo. Mara nyingi Wi-Fi ya modemu huzimika. Baadhi ya modemu za makampuni ya simu hazina chaguo hili, au limefungwa na mtoa huduma.

Njia ya pili ni kuifanya ruta kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Kama menyu yake haina chaguo hilo, ruta hupewa anwani iliyo nje ya zile zinazogawiwa na modemu, kwa mfano 192.168.1.2, kisha DHCP yake huzimwa, na mwisho kebo ya modemu huchomekwa kwenye tundu la LAN badala ya WAN. Kwa nyumba za Mji Mkongwe njia hii hufaa zaidi, kwani Wi-Fi hubaki dirishani na ndani pia, na vifaa vyote huwa katika mtandao mmoja.

Nyumba ya wageni inahitaji tahadhari: mtandao mmoja huwaweka wageni pamoja na kompyuta za ofisi. Hapo hutumika Wi-Fi ya wageni iliyotengwa, kama vifaa vinairuhusu. Wengine huiacha NAT maradufu kwa makusudi, ofisi ikiwa nyuma ya ruta ya ndani na wageni kwenye modemu.

NAT ya mtoa huduma

Makampuni ya simu nayo hutumia NAT ili wateja wengi washirikiane anwani chache. Mwaka 2012 waraka RFC 6598 ulitenga kwa kazi hiyo anwani kutoka 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255. Ikiwa anwani ya WAN ya modemu yenyewe imo humo, au katika safu za ndani, NAT nyingine ipo nje ya nyumba na mtumiaji hawezi kuiondoa. Kufungua poti hakutasaidia. Kabla ya kununua ruta mpya kwa ajili ya kamera, ni vyema kuangalia anwani hiyo kwanza. Suluhisho huwa ni kuomba anwani ya umma kwa mtoa huduma, kutumia VPN au kamera inayopitia seva ya nje, au kutumia IPv6, ambayo anwani zake zina biti 128 na hazihitaji NAT.