Wali wa kukaanga wa dagaa

Wali wa kukaanga wa dagaa ni chakula kinachoandaliwa kwa kukaanga wali uliokwisha kuiva pamoja na dagaa, mboga na viungo, kwa moto mkali na kwa muda mfupi. Ni namna mojawapo ya wali wa kukaanga wenye asili ya China, ambao katika hoteli za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar hupikwa kwa kamba, ngisi au pweza. Mahali palipo mbali na bahari, kama Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, nafasi ya kamba inaweza kuchukuliwa na usipa, yaani dagaa wa ziwa hilo.

Chakula hiki ni tofauti na pilau. Pilau huanza na mchele mbichi unaoivia ndani ya supu ya nyama na viungo, lakini wali wa kukaanga huanza na wali mweupe uliopoa. Wali wa moto una unyevu mwingi, hivyo ukitiwa kwenye karai hugandamana na kuwa bonge. Ukipoa, wanga wake hukaza na punje huachana.

Usipa wa Ziwa Nyasa

Lituhi ni kata ya Wilaya ya Nyasa katika Mkoa wa Ruvuma, Tanzania, karibu na mahali mto Ruhuhu unapoingia ziwani. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga hadi Wilaya ya Nyasa ilipoanzishwa mwaka 2012. Ufuko huo uko chini sana kuliko milima ya Umatengo iliyo upande wa mashariki, na kwa sababu hiyo una joto zaidi.

Usipa (jina la kisayansi: Engraulicypris sardella) ni samaki mwembamba wa rangi ya fedha anayepatikana katika Ziwa Nyasa. Hula viumbe vidogo vinavyoelea majini. Wavuvi humvua usiku, hasa usiku usio na mbalamwezi, kwa kumvuta kwa taa na kumzingira kwa wavu. Asubuhi huanikwa juani. Wale walioanikwa juu ya vichanja huwa safi kuliko wale walioanikwa mchangani, na tofauti hiyo huonekana mara moja mlaji anapotafuna.

Faida kubwa ya dagaa ni kwamba huliwa wazima pamoja na mifupa, na mifupa ndiyo yenye kalsi. Minofu ya samaki mkubwa kama mbasa ina protini nyingi, lakini mifupa yake hutupwa. Dagaa pia wana madini ya chuma na zinki. Vitamini A, ambayo katika samaki wadogo wa aina nyingi hukaa zaidi kwenye macho na tumbo, hupungua sana kwa kuanikwa juani. Hivyo dagaa wakavu wasitegemewe kwa vitamini hiyo, bali karoti na mboga za majani. Jambo hili si dogo kwa Ruvuma. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na Ruvuma ilikuwa juu ya wastani huo ingawa ni mkoa wenye mavuno makubwa ya mahindi. Tumbo linaweza kushiba wanga huku mwili ukikosa protini na madini.

Usalama wa kiporo

Watu wengi wanapozungumzia afya katika chakula hiki hutaja mafuta tu. Hatari iliyo karibu zaidi ni wali wenyewe. Mchele huwa na bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye hujifunika kwa ganda gumu lisilokufa wakati wa kupika. Wali ukiachwa sufuriani ukiwa vuguvugu, bakteria hao huamka, huongezeka na kutoa sumu inayosababisha kutapika. Sumu hiyo haiharibiwi na moto. Kwa hiyo kauli kwamba kiporo kikipashwa vizuri kimekuwa salama si ya kweli kwa wali uliolala jikoni usiku kucha, na katika joto la mwambao wa ziwa hatari huwa kubwa zaidi.

Penye jokofu, wali huwekwa humo mapema, ndani ya saa 1 hivi baada ya kuiva, na hukaangwa siku inayofuata. Pasipo na jokofu, wali hupikwa siku hiyohiyo kwa maji pungufu kidogo, hutandazwa kwenye sinia pana, hufunikwa kwa kitambaa chepesi, na hukaangwa ukishapoa, bila kupita saa 2. Sinia hupoza haraka kuliko sufuria kwa sababu tabaka la wali ni jembamba.

Upishi

Kwa watu 4 hutumika vikombe 2 vya mchele, kikombe 1 cha dagaa wakavu, mayai 2, kitunguu maji, karoti 2, hoho 1, nyanya 1, kitunguu saumu, tangawizi na ndimu. Mafuta vijiko 2 vya chakula yanatosha. Kijiko kimoja kina takriban kilokalori 120, na mpishi anayemimina kutoka kwenye chupa bila kupima hufika vijiko 5 au 6 bila kujua.

Dagaa huchambuliwa, huoshwa kwa maji vuguvugu mara 2 au 3 hadi mchanga uishe, kisha hukaushwa kwenye karai bila mafuta mpaka wawe wakavu na kutoa harufu nzuri. Wengine huwakata vichwa ili kuondoa uchungu, ingawa sehemu ya kalsi hupotea. Dagaa huwekwa pembeni, mafuta hutiwa, kisha vitunguu, tangawizi na karoti. Mayai huvurugwa pembeni mwa karai. Wali hufuata, ukigeuzwa haraka kwa dakika 3 au 4, na mwishoni hurudishwa dagaa pamoja na hoho na nyanya. Baada ya wali kupoa, kazi yote haizidi dakika 20.

Hapo ndipo chumvi huonjwa, si mapema, kwa maana baadhi ya dagaa huuzwa wakiwa wamechemshwa kwenye maji ya chumvi. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku. Sosi ya soya ina chumvi nyingi, hivyo anayeitumia hana haja ya kuongeza chumvi nyingine. Ndimu hufanya kazi nzuri kuliko sosi hiyo kwa samaki wa ziwa. Pia vitamini C yake, pamoja na ile ya hoho na nyanya, husaidia mwili kufyonza madini ya chuma.

Usipa wabichi nao hufaa, ila huwa laini na huvunjika wakigeuzwa na wali. Hao hukaangwa peke yao na kuwekwa juu ya wali wakati wa kupakua.