MAELEZO KWA WATUMISHI NA WANANCHI: KUTOFAUTISHA KASORO YA KIWANDANI NA UHARIBIFU KATIKA SARAFU ZA KALE

Bukoba ilikuwa kituo cha utawala wa Wajerumani tangu mwaka 1890. Kwa hiyo si ajabu mkazi wa Kitendaguro kukuta katika sanduku la wazee sarafu ya Heller, iliyotupatia neno "hela", au senti yenye tundu ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Sarafu yenye kasoro ya kiwandani huweza kutafutwa sana na wakusanyaji, ilhali iliyoharibika hushuka thamani. Asiyejua tofauti hiyo huweza kuuza hazina kwa bei ya chuma chakavu, au kununua chakavu kwa bei ya hazina. Wananchi wote wanaombwa kuzingatia yafuatayo:

1. Asili. Sarafu hufuliwa kwa kubana kipande cha madini kati ya mihuri miwili ya chuma. Kasoro ya kiwandani hutokea kabla ya sarafu kutoka kiwandani. Lolote linaloipata baadaye ni uharibifu.

2. Mistari. Muhuri ukipata ufa, madini huingia ndani yake, na sarafu hubaki na mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa kisu au msumari huacha mfereji uliozama.

3. Tundu. Heller 10 ilitengenezwa ikiwa na tundu katikati. Ikikosa tundu, au tundu likiwa pembeni, huenda ni kasoro ya kiwandani, mradi ithibitike kwamba halikuzibwa. Tundu katika rupia ya fedha, ambayo haikuwa nalo, ni la kutobolewa, aghalabu ili ivaliwe shingoni.

4. Maandishi. Sarafu iliyopigwa chapa mara mbili huonyesha herufi zilizorudiwa. Iliyogongwa kwa nyundo huonyesha herufi zilizolala bapa.

5. Sarafu za Tabora. Heller 20 za mwaka 1916 zilifuliwa wakati wa vita, katika karakana ya reli. Chapa hafifu ni hali ya kawaida kwazo. Isichukuliwe kuwa kasoro adimu.

Inasisitizwa kuwa sarafu isisuguliwe kwa mchanga, majivu wala limau, kwani kufanya hivyo hufuta ushahidi na kupunguza thamani. Ishikwe kingoni, ichunguzwe kwa kioo cha kukuzia, na ilinganishwe na nyingine ya aina hiyo hiyo kabla ya mapatano yoyote ya bei.